Oili ikiadimika na spea zikipanda: mwongozo wa kulea injini ya gari na pikipiki

Oili haipotei yote dukani kwa mpigo. Zinazotoweka kwanza ni nyepesi, 0W-20 na 5W-30. 15W-40 na 20W-50 huendelea kukaa kwenye rafu, bei tu ndiyo inayopanda. Sababu ni mafuta ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kila dumu. Kinachobaki ni kemikali za kulinda na kusafisha. Oili nzito hutengenezwa kwa mafuta ya msingi ya daraja la I na la II, yanayopatikana kwenye viwanda vingi duniani. Nyepesi za sintetiki zinataka daraja la III, na hilo hutoka kwa wingi katika nchi chache: Korea Kusini, Malaysia, Qatar, Bahrain, Falme za Kiarabu (Abu Dhabi). Meli za hizo tatu za mwisho hupita Mlango wa Hormuz. Huko kukichafuka, duka la Kariakoo au la Kirinyaga Road huhisi, kwa sababu viwanda vya kwetu vinavyochanganya oili huagiza mafuta ya msingi kutoka nje.

Kwa hiyo mwenye Land Cruiser ya 1HZ (injini ya dizeli inayotumia oili nzito) hana presha sana. Anayezunguka duka hadi duka ni mwenye Vitz, IST, Probox au Note, na ndiye anayeambiwa: "Chukua tu hii 20W-50, joto la huku linaitaka." Wengi huua injini zao siku hiyo, na wanagundua mwaka mmoja baadaye.

Injini yako inakubali nini

Tafuta mambo mawili: uzito (zile namba zenye W) na daraja la API (herufi za ubora wa oili). Yako kwenye kitabu cha gari na mara nyingi kwenye kifuniko cha kujazia oili. Gari lililotoka Japani lina kitabu cha Kijapani, lakini namba zinasomeka. Fungua kurasa za mwisho zenye majedwali, tafuta "5W-30".

Namba kabla ya W ni tabia ya oili injini ikiwa baridi, ya pili ni unene wake injini ikiwa imepata moto. Pwani, ambako hata alfajiri ya Julai haina baridi ya maana, tofauti kati ya 0W na 5W, au 5W na 10W, ni ndogo. Namba ya pili ndiyo ya kuangalia. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Probox, Raum, Spacio, Fielder za 1500 cc na nyingine nyingi, iliruhusiwa na Toyota kutumia 0W-20, 5W-20, 5W-30 na 10W-30. Ukikosa 0W-20 basi, 5W-30 ni halali kabisa, na 10W-30 pia. Injini iliyochakaa na inayokula oili unaweza kuipa 10W-40. Utalipa zaidi kidogo kwenye petroli.

20W-50 ndiyo mstari wa kutovuka kwa injini za VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali kufunguka). Mfumo huo huendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vali ndogo yenye chujio dogo, na kikaza mnyororo wa taimingi nacho husukumwa na oili hiyo hiyo. Oili nzito huchelewa kufika. Dalili yake ni mlio wa "karakara" wa sekunde mbili tatu unapowasha asubuhi. Mnyororo unapigapiga, unalegea, na siku ya kuubadilisha utalipa fedha ambazo zingekununulia oili ya miaka kadhaa.

Daraja la API kwa petroli huanza na herufi S, na kila jipya hufunika ya zamani: SP (2020) inafaa popote palipoandikwa SN, SM, SL au SJ. Kurudi nyuma ndiko kubaya. Dumu lililoandikwa SF au SG ni la injini za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, hata kama lebo yake inang'aa. Kwa dizeli herufi ni C: CK-4 hufunika CJ-4, CI-4 na CH-4. Dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi (DPF) inataka oili yenye majivu machache, kama ACEA C3 (kipimo cha Ulaya). Ukiweka CI-4 ya lori, chujio linaziba.

Vipi oili ya dizeli kwenye gari la petroli? Kama lebo ina madaraja yote mawili, mfano CI-4/SL, na uzito unakubalika, itakuvusha. Usiifanye kawaida, kwa sababu fosforasi yake nyingi huchosha kisafisha moshi cha ekzosi (katalisti). Kinyume chake, oili ya petroli tupu kwenye dizeli, ni kosa: haina nguvu ya kubeba masizi.

Kuchanganya chapa mbili wakati wa kuongezea hakuharibu kitu. Oili za injini hutengenezwa ziweze kuchanganyika, na ubora wa mchanganyiko hushuka kuelekea ile dhaifu tu. Visivyoingia kwenye injini hata kwa dharura ni oili ya 2T (ya kuchanganywa na petroli), ATF (ya gia boksi ya otomatiki), hidroliki na mafuta ya kupikia.

Pikipiki na bajaji

Hapa kosa ni tofauti. Pikipiki nyingi za bodaboda na bajaji zina klachi inayoogelea kwenye oili ile ile ya injini. Oili nyepesi za magari huwekwa kemikali za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiziweka, klachi inateleza: injini inalia, mwendo hauongezeki, kilima kinakushinda ukiwa na abiria wawili. Tafuta alama ya JASO (kipimo cha Kijapani) MA au MA2. Ukikosa kabisa, chukua oili ya gari ya uzito unaokubalika isiyokuwa na maneno "Resource Conserving" au "Energy Conserving" kwenye duara la API nyuma ya dumu. Kwa kawaida 15W-40 na 20W-50 hazina. Alama ya MB ni ya skuta zenye klachi kavu tu.

Boda ya 100 hadi 150 cc hubeba takriban lita moja. Hiyo ni kidogo, na ikipungua robo lita pengo ni kubwa. Mwendesha boda aangalie stiki kila asubuhi, siyo kila wiki.

Lita ya bei nafuu ni ile isiyovuja

Kabla ya kuhangaika kutafuta oili, pima gari lako linakula kiasi gani. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa tambarare, futa stiki, ichomeke, isome. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita. Baada ya km 1,000 rudia pale pale na uongeze kwa chupa iliyopimwa. Toyota huchukulia lita 1 kwa km 1,000 kuwa ukomo wa juu. Gari linalokula nusu lita tu kwa km 1,000 litameza lita 2.5 ndani ya km 5,000. Ukijumlisha na lita 3.7 za kumwaga, unanunua lita 6.2 badala ya 3.7. Hapo ndipo fedha inapokwenda.

Sasa tafuta inakotokea. Osha injini, iache ikauke, nyunyizia poda ya mtoto sehemu unazoshuku, tembea km 20, kisha ufungue boneti: oili itakuwa imechora njia kwenye poda. Tandika boksi chini ya gari usiku na uangalie tone limeangukia wapi.

Anza na vali ya PCV. Ni kifaa kidogo juu ya kava ya vali, bei yake ndogo, na mafundi wengi hawaigusi. Kazi yake ni kutoa hewa iliyojaa ndani ya injini. Ikiziba, presha ya ndani inatafuta pa kutokea na kusukuma oili kwenye kila sili. Ndiyo maana watu hubadilisha gaskiti leo, na baada ya mwezi inavuja tena. Ichomoe, itikise, nzima hulia "tiki-tiki". Ikiwa kimya, jaribu kuisafisha kwa kisafishia kabureta. Isipolia, nunua nyingine.

Kisha gaskiti ya kava ya vali, pamoja na sili za mashimo ya plagi (ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, ni hizo). Nati zake hukazwa kidogo tu, takriban Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Fundi anayezikaza kwa nguvu zote hukunja kava au kukata boliti, halafu anapaka silikoni nyekundu kufunika kosa. Silikoni ya ziada inayobanwa kuelekea ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini). Tukiona injini imepakwa silikoni kila kona, tunaanza kushuku presha ya oili.

Baada ya hapo ni washa (ile pete bapa) ya nati ya kumwagia, swichi ya presha, na mwisho sili ya nyuma ya krenki. Hiyo ya mwisho inahitaji kushusha gia boksi. Kama inalowesha tu bila kudondosha, iache mpaka siku gia boksi itakaposhushwa kwa sababu nyingine.

Kama halivuji lakini oili inapungua, inaungua. Moshi wa bluu asubuhi unapowasha, kisha unapotea: sili za vali. Moshi unapokanyaga mafuta ukiwa kwenye mwendo: ringi za pistoni. Sili za vali zina nafuu kuliko watu wanavyodhani. Ringi ni oveholi. Injini mbili zina historia yake: 1ZZ-FE za awali (Allion na Corolla za 1800 cc) na 2AZ-FE za 2400 cc za takriban 2006 hadi 2011, ambazo pistoni zake zina matundu madogo ya kurudishia oili, nayo huziba. Ukinunua moja ya hizo, hesabu lita za kuongezea kwenye bei ya gari.

Jambo moja ambalo lingeokoa injini nyingi: taa nyekundu ya birika kwenye dashibodi ni ya presha, siyo ya kiwango. Ikiwaka ukiwa barabarani, oili imeshapungua mno au pampu haivuti. Zima injini hapo hapo, siyo "nifike tu kwenye kituo kile".

Ukae nayo muda gani

Stika ya fundi husema km 3,000 au 5,000. Toyota Japani ilipendekeza km 15,000 au mwaka kwa injini za petroli zisizo na turbo, na nusu yake kwa matumizi magumu. Nani yuko sahihi? Angalia saa, siyo kilomita. Gari la foleni lenye wastani wa km 15 kwa saa hufanya saa 333 ndani ya km 5,000. La safari ya mikoani, kwa wastani wa km 70, hufanya saa 71. Jenereta nyingi humwagwa oili kila saa 250. Ndiyo maana km 5,000 za Mbagala–Posta zinachosha oili kuliko 10,000 za Dodoma–Mwanza.

Kwa foleni na vumbi, oili ya madini iishie km 4,000 hadi 5,000. Sintetiki ya kweli yenye filta nzuri inaweza kufika 7,500. Turbo na injini inayokula oili zisisogezwe. Gari lisilotembea sana lisipitishe mwaka, maana unyevu na petroli hubaki ndani.

Kabla ya kuongeza muda, dondosha tone moja kutoka kwenye stiki juu ya karatasi nyeupe ya kuchujia, iache usiku kucha. Kivuli kinachofifia taratibu kuelekea nje: bado inabeba uchafu. Kitovu cheusi chenye ukingo mkali kama wino: imechoka, mwaga. Rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki au kwenye kifuniko: maji yameingia, na hilo halisubiri. Weusi peke yake hausemi kitu. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku ya kwanza.

Ukikosa dumu zima, mwaga nusu. Kutoa lita 2 kati ya 3.7 na kuweka mpya, pamoja na filta, ni nafuu ya muda inayoheshimika. Kumimina dizeli "kuosha injini" siyo. Dizeli hubomoa tope kwa mkupuo, tope linaziba chujio la pampu, na kiasi hubaki ndani kikiyeyusha oili uliyoinunua kwa shida. Chupa za kukoleza oili zinazouzwa kama dawa ya moshi ni uzito tu; hufunika dalili mpaka gari liuzwe.

Feki huongezeka bidhaa inapokosekana

Nyingi ni oili iliyotumika, ikachujwa na kurudishwa kwenye dumu halisi. Kwa hiyo dumu zuri si ushahidi. Linganisha namba ya toleo kwenye dumu na kifuniko kama chapa yako huziweka kote, kagua ringi ya kifuniko kama imebandikwa tena kwa gundi, tafuta alama ya TBS au KEBS. Pima uzito: lita moja ya oili ni takriban kilo 0.85 hadi 0.88, hivyo lita 4 bila dumu ni kama kilo 3.5. Kipimo cha nyumbani kinachosema zaidi ni friza. Weka kikombe kidogo usiku mzima. 5W-30 ya kweli bado humiminika vizuri kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Iliyoganda kama mafuta ya mgando, au inayoshuka kama asali nzito, siyo 5W-30. Kipimo hiki hakitakuambia kama kemikali za kulinda zimo, lakini kinakamata wanaodanganya zile namba zenye W.

Dumu tupu likate kwa kisu kabla ya kulitupa. Waokota madumu ndio mwanzo wa mnyororo wa feki.

Ndoo ya lita 20 huwa na bei ndogo kwa lita kuliko madumu ya lita 4. Wenye 1NZ watano wanagawana ndoo moja sawasawa, lita 4 kila mmoja. Ikiwa haijafunguliwa hukaa miaka kadhaa mahali pakavu. Pipa usiliache wima mvuani: maji hutuama juu, usiku pipa likipoa linavuta unyevu kupitia vifuniko. Lilaze.

Kumwaga mwenyewe: mfano wa 1NZ-FE

Mahitaji: oili lita 4, filta, washa mpya ya nati (namba 90430-12031), spana ya 14, beseni, stendi mbili.

1. Washa injini dakika 5, zima. Oili ya vuguvugu hutoka na uchafu. Ya moto inaunguza.
2. Gari tambarare, handibreki, gogo nyuma ya tairi. Inua kwa jeki kisha weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
3. Fungua kifuniko cha juu, kisha nati ya sampu. Iache imwagike dakika 15 angalau.
4. Fungua filta, hakikisha mpira wake wa zamani haujabaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikikaa pamoja, oili yote humwagika ndani ya dakika chache za kwanza.
5. Paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Hapana spana.
6. Weka washa mpya kwenye nati, kaza nati kwa takriban Nm 38. Bila kipimo: ikigusa, ongeza mkazo wa wastani kwa spana fupi. Nyuzi za sampu zikiharibika, ni sampu mpya.
7. Shusha gari, mimina lita 3.4. Washa injini mpaka taa ya presha izime, iache dakika moja, zima, subiri dakika 5, soma stiki. Malizia hadi alama ya juu. Jumla ni lita 3.7.
8. Zile robo lita na ushei zilizobaki ni za kuongezea. Andika tarehe na kilomita.

Usipitishe alama ya juu. Krenki ikifika kwenye oili huipiga kuwa povu, na povu halilainishi.

Oili chafu irudishe kwenye dumu na uipeleke gereji inayouzia wakusanyaji. Kuipaka kwenye mbao au kuimwaga uani kunaichafua ardhi na kisima, na haifai kuguswa kwa mikono mitupu kila siku.

Fedha nyingine inakoponea

Filta ya hewa ina uhusiano na oili kuliko inavyodhaniwa: vumbi likipita, linakwangua ringi, na gari linaanza kula oili. Barabara ya vumbi, ifungue kila km 2,500, ipulize hewa kutoka ndani kwenda nje, presha ndogo. Ikichanika au ikilowa, tupa.

Maji ya bomba kwenye rejeta yanaonekana bure mpaka kutu itakapoila pampu ya maji. Weka kulanti, na ubadilishe kifuniko cha rejeta kama mpira wake umekakamaa. ATF na oili ya CVT (gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda) hazibadilishani. Kwenye CVT weka ile iliyoandikwa kitabuni au uache mpaka uipate, kwa sababu hapo hakuna cha kufanana. Maji ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Ni kazi ndogo, na kiasi cha lita moja kinatosha.

Vinavyoweza kusubiri: bushi inayolia bila kulegea, shokapu iliyolowa kidogo, injini maunti inayotikisa. Visivyosubiri: pedi chini ya milimita 3, bol joint inayocheza, hozi ya breki iliyopasuka, mkanda wa taimingi uliofika kilomita zake kwa magari yenye mkanda.

Spea nunua mwenyewe, uende na ya zamani mkononi, na umwambie fundi mapema kwamba utaichukua iliyotolewa. Mtumba unafaa kwa alternata, stata, taa, milango na vioo. Haufai kwa pedi, sili, mikanda, pampu ya maji. Tairi la mtumba lisome: mwisho wa alama ya DOT kuna tarakimu nne, wiki na mwaka, hivyo 2419 ni wiki ya 24 ya 2019. Likipita miaka sita, bei yake hata iwe ya kutupa, liache hapo hapo.